Fonti ya kihariri: ubaki na chaguomsingi au uweke yako? VS Code, Sublime Text na Notepad++

Jioni moja kijana mmoja darasani kwetu alikaa karibu saa mbili nzima na mstari huu:

`KeyError: 'KO1'`

Alikuwa anatengeneza programu ndogo ya Python ya kuhesabu magunia ya dagaa ya shangazi yake, anayeuza pale Kibirizi, Kigoma. Kila gunia lina alama yake: K01, K02, K03, na kuendelea. Python inamwambia hicho anachokitafuta hakipo, naye anakiona kipo. Mwishowe akaniita: "Mwalimu, njoo uone mwenyewe, inakataa kitu kiko mbele yake."

Nikainama kuangalia. Kihariri, yaani programu aliyokuwa akiandikia msimbo wake, kilikuwa Notepad++ yenye fonti iliyokuja nayo, Courier New, ukubwa wa 10. Chumba chetu kipo eneo la Mwanga na dirisha linaangalia magharibi, kwa hiyo saa kumi na moja jua linaloshukia ziwani huwa linapiga skrini moja kwa moja. Juu aliandika sifuri. Chini aliandika herufi O. Kwa fonti ile, kwa ukubwa ule na kwa mwanga ule, hata mimi sikuona tofauti hadi nilipobadili fonti kuwa Consolas na kuikuza. Sifuri ya Consolas ina mkwaju ndani, yaani mstari wa mshazari. Kijana akaiona papo hapo, akafuta herufi moja, programu ikaenda.

Tangu siku hiyo fonti ndiyo ninayoianza kabla ya somo lolote. Na kwa kuwa vijana huniuliza kila wiki watumie kihariri gani na wakiweke vipi, nimeamua kuviweka ubavu kwa ubavu vile vitatu ninavyovitumia kila siku, kwa jambo hili moja tu: kinakuja na fonti gani, unaibadili wapi, na ukiharibu unarudije ulikotoka. Mambo mengine ya vihariri hivi siyagusi.

Chaguomsingi hailingani

Mtu akikwambia "mimi situmii fonti yoyote maalumu, naacha chaguomsingi, ilivyokuja," muulize kwanza yuko kwenye kompyuta gani. VS Code ikiwa juu ya Windows huanza na Consolas, na isipoipata hushuka kwenye Courier New. Juu ya Mac huanza na Menlo, halafu Monaco. Juu ya Linux huitafuta Droid Sans Mono, isipokuwepo hutwaa fonti yoyote ya upana sawa (ambayo herufi zake zote zina upana mmoja) ambayo mfumo umeiteua. Ukubwa nao ni 14 kwa Windows na Linux, lakini 12 kwa Mac. Yaani kihariri ni kimoja, na wanafunzi wawili wanaokaa meza moja wanaangalia sura mbili tofauti.

Sublime Text yenyewe hufuata mfumo ulio nao. Hutumia fonti ya upana sawa iliyopangiwa mfumo huo. Notepad++ iko Windows tu, nayo huja na Courier New, 10.

Kuna mtego hapa ambao sijaona watu wengi wakiutaja. Ile 14 ya VS Code ni piseli, vile vinukta vya skrini. Ile 10 ya Notepad++ ni pointi, kipimo cha uchapaji. Kwa skrini ya kawaida isiyokuzwa, pointi 10 ni kama piseli 13 na kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi anayehama kutoka Notepad++ kwenda VS Code akaandika 10 "kama nilivyozoea" anajikuta na maandishi ya sisimizi, na anayehama kinyume chake akaandika 14 anapata maandishi makubwa kuliko aliyotarajia. Usibebe namba. Beba ukubwa unaouona kwa macho.

Kati ya hizo tatu, chaguomsingi ninayoweza kumwachia mtu bila wasiwasi ni ya VS Code juu ya Windows, kwa sababu Consolas ni fonti nzuri kweli. Ilichorwa na Luc de Groot na imekuwa ikija na Windows tangu Vista. Ya Notepad++ siwezi kumwachia mwanafunzi hata siku moja. Courier ilichorwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mashine za chapa za IBM. Ni nyembamba ya mistari, na kwenye skrini ya bei nafuu wembamba huo unageuka kijivu.

Unaibadili wapi

Nianze na Sublime Text, kwa sababu ndiyo inayofundisha jambo lenyewe vizuri kuliko wenzake. Ukifungua mipangilio yake, dirisha linagawanyika mara mbili. Kushoto kuna faili la chaguomsingi, refu, limejaa maelezo. Kulia kuna lako, na mwanzoni karibu ni tupu. La kushoto ni la kusoma tu. Unatafuta humo kitu unachokitaka, unakinakili kulia, unakibadili huko:

`"font_face": "Consolas",`
`"font_size": 13`

Ukihifadhi, sura inabadilika hapo hapo, bila kufunga wala kufungua. Ukitaka kurudi mwanzo, unafuta mstari wako, na kile cha kushoto kinachukua nafasi yake. Mwanafunzi akiona hivyo mara moja anaelewa kwamba chaguomsingi haifutwi, inafunikwa. Nimewahi kuwaeleza wengine jambo hilo kwa dakika ishirini na maneno mengi, lakini dirisha lile lenye pande mbili hulimaliza kwa dakika mbili.

Kasoro ya Sublime kwa upande huu ni ndogo ila inasumbua. Ukibonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha ili ukuze kwa muda, haikuzi kwa muda. Inaandika ukubwa mpya ndani ya faili lako. Kesho ukifungua, uko palepale ulipoacha. Pia Sublime ni programu ya kulipia, ingawa muda wa kuijaribu haujawekewa kikomo na huja na ukumbusho wa kununua mara kwa mara. Ukiendelea kuitumia, nunua leseni.

VS Code ina utaratibu uleule wa tabaka, lakini imeufunika kwa ukurasa wa kutafutia. Unaandika "font" juu, visanduku vinatokea, unajaza. Kwa anayeanza ni rahisi kuliko Sublime, kwa sababu hakuna mabano wala alama za nukuu za kukosea. Na kila ulichokigusa kinawekewa mstari wa rangi ubavuni, ukibofya alama ya gurudumu kando yake unakuta amri ya kukirudisha kwenye chaguomsingi. Hilo nalipenda sana. Mtu haogopi kujaribu akijua njia ya kurudi iko wapi.

Ila ujue kwamba VS Code ina saizi nyingi, si moja. `editor.fontSize` inakuza msimbo peke yake. Orodha ya mafaili ya kushoto haisogei. Sehemu ya amri ya chini (terminal) inafuata jina la fonti uliyoiweka kwenye kihariri, lakini haifuati ukubwa: ina `terminal.integrated.fontSize` yake. Kwa hiyo kijana anakuza msimbo hadi 18, anafurahi, halafu ujumbe wa kosa unatokea chini kwa 14 naye anaukaribia kwa pua. Na Ctrl na alama ya kujumlisha kwenye VS Code ni kitu kingine kabisa. Inakuza dirisha lote, menyu na kila kitu, kila hatua asilimia 20. Kwa mtu mwenye macho dhaifu hiyo ndiyo njia ninayomshauri kwanza, maana inabeba vyote pamoja.

Notepad++ ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo inayochanganya kuliko zote katika hili. Unaingia Settings, halafu Style Configurator, na mbele yako kuna orodha ya lugha, na kila lugha ina mitindo yake ya maneno, namba, maoni na kadhalika. Anayeanza huchagua Python, anabadili fonti ya kitu kimoja, anaona neno moja moja limebadilika na mengine yamebaki, anachoka. Njia fupi ni hii: kaa kwenye Global Styles, chagua Global override, weka fonti na ukubwa, halafu weka tiki kwenye Enable global font na Enable global font size. Bila tiki hizo hakuna kinachotokea, na hapo ndipo wengi hukwama.

Halafu kuna la mandhari, yaani seti ya rangi za kihariri. Ukihama kutoka mandhari nyeupe kwenda ya giza, fonti uliyoiweka haikufuati, kwa sababu kila mandhari ya Notepad++ ni faili lake lenye fonti zake. Unaanza upya. Na ukitaka kurudi mwanzo hakuna kitufe cha kurudisha kitu kimoja. Unafunga programu, unafuta `stylers.xml` iliyomo kwenye folda yako ya AppData, ukifungua tena inatengenezwa mpya. Inafanya kazi, lakini inafuta na rangi zote ulizoziweka.

Fonti yenyewe

Hapa ndipo watu hupoteza bando bure. Nimeona kijana akipakua fonti kumi na mbili usiku mmoja. Kwa hali yetu, tatu zinatosha kuzungumziwa: Consolas, JetBrains Mono na DejaVu Sans Mono. Zote tatu hutofautisha sifuri na O, na zote hutofautisha namba 1, herufi l ndogo na I kubwa. Hicho ndicho kigezo cha kwanza. Urembo uje baadaye.

Kigezo cha pili ni upana, na kompyuta zetu nyingi ni za mtumba zenye skrini ya piseli 1366 kwa 768. Kila herufi ya Consolas hula takriban asilimia 55 ya ukubwa wake. Ya JetBrains Mono na DejaVu hula asilimia 60. Tofauti inaonekana ndogo hadi uizidishe. Mstari wa herufi 80 kwa ukubwa wa 18 unahitaji piseli 792 kwa Consolas na 864 kwa JetBrains Mono. Ukishatoa orodha ya mafaili, namba za mistari na ile ramani ndogo ya kulia, kwenye skrini zetu zinabaki piseli kama 860 hivi. Yaani Consolas inaingia na nafasi inabaki, na JetBrains Mono inagonga ukingo. Kwa ukubwa wa 16 zote zinaingia bila shida.

Kwa urefu nako kuna bei. VS Code juu ya Windows hupa kila mstari kimo cha takriban mara 1.35 ya ukubwa wa fonti. Kwa 14 ni piseli 19, kwa 16 ni 22, kwa 18 ni 24. Ukiwa na piseli 600 za kuonyesha msimbo, unaona mistari 31, 27 au 25. Mimi nimetulia kwenye 16. Mistari minne niliyoipoteza siijutii, na wanafunzi wa nyuma ya bega langu wanaona.

JetBrains Mono ilitolewa mwaka 2020, ni ya bure kwa leseni huria, na herufi zake ndogo ni ndefu kwa kimo, kwa hiyo kwa ukubwa uleule inasomeka kubwa kuliko Consolas. Kama skrini yako ni pana, ichukue. Ila ina tabia ya kuunganisha alama: `!=` inachorwa kama alama moja ya "si sawa", `->` inakuwa mshale mmoja. VS Code huizima tabia hiyo hadi uiwashe mwenyewe, na kwa anayejifunza naomba ibaki imezimwa. Mwanafunzi akiona mshale mmoja anautafuta kwenye kibodi, haupo. Kwenye Sublime, tumia toleo la fonti hiyo lenye herufi NL mwishoni mwa jina, limekuja bila miunganisho.

DejaVu Sans Mono ni kwa walio kwenye Linux. Mara nyingi imo tayari, hutumii hata megabaiti moja. Consolas usiihamishie Linux kwa flashi: imetolewa pamoja na Windows na si fonti huria ya kugawana.

Jambo moja la lugha yetu ambalo fonti hulibeba. Shangazi wa yule kijana hauzi dagaa peke yake, ana samaki wa ng'onda pia. Kijana akaandika:

`bidhaa = 'ng'onda'`

Ile alama ya ng' ilifunga nukuu kabla ya wakati, Python ikakataa. Tukabadili kwa nukuu mbili, `"ng'onda"`, ikakubali. Siku iliyofuata alinakili orodha ya bidhaa kutoka kwenye ujumbe wa simu, na simu ilikuwa imeigeuza alama ile kuwa ya kupinda, ’. Kwa kompyuta hilo ni neno jingine kabisa: ukitafuta `ng'onda` hulipati `ng’onda`. Wanaoandika kwa Kiingereza hukutana na hili mara chache. Sisi tuna ng'ombe, ng'ambo, ng'onda, na majina ya watu. Fonti ikikuonyesha wazi kwamba alama moja imenyooka na nyingine imepinda, umeokoa jioni nzima. Consolas na JetBrains Mono kwa 16 zinaonyesha. Courier New kwa 10 inakuachia ubahatishe.

Kompyuta ya wengi na mradi wa wengi

Darasani tuna kompyuta sita na vijana wengi kuliko hizo. Anayekuja asubuhi akiweka ukubwa wa 26, wa mchana anaikuta 26. Mwanzoni nilidhani dawa ni kumkataza mtu asiguse. Haikuwa dawa, maana mwenye macho dhaifu ana haki ya kukuza. Nilichofanya ni kumfungulia kila kundi akaunti yake ya Windows. Vihariri vyote vitatu huweka mipangilio ndani ya folda ya mtumiaji, kwa hiyo akaunti ikitofautiana, fonti zinatofautiana. Angalizo: ukisakinisha fonti mpya, chagua kuisakinisha kwa watumiaji wote. La sivyo itaonekana kwenye akaunti yako tu, na mwenzako ataandika jina la fonti isiyokuwepo, kihariri kitashuka kimyakimya kwenye nyingine bila kumwambia.

VS Code ina njia ya pili, ya kuhifadhi mipangilio kwenye akaunti ya GitHub au Microsoft ili ikufuate kila kompyuta. Kwa mwenye kompyuta yake ni nzuri. Kwa kompyuta ya darasa siishauri, kwa sababu ukisahau kutoka, anayekukalia kiti anabadilisha ya kwako hadi nyumbani.

Na kuna kosa ambalo mimi mwenyewe lilinila siku moja na nusu. Nilipokea mradi kutoka kwa rafiki, nikaufungua kwenye VS Code, maandishi yakawa madogo, 11. Naweka 16, hayasogei. Nafunga, nafungua, yaleyale. Nikafikia hatua ya kusakinisha upya. Kumbe ndani ya mradi kulikuwa na folda ya `.vscode` yenye `settings.json`, na humo rafiki alikuwa ameandika ukubwa wake wa fonti. Mipangilio ya mradi hufunika ya mtumiaji, hata uandike nini upande wako. Humo panafaa kuwekwa yale yanayohusu msimbo wenyewe, kama upana wa nafasi za mwanzo wa mstari. Fonti haihusu mradi, inahusu macho ya mtu na skrini yake. Tafadhali usiiweke humo na kuwasukumia wenzako.

Ninachompa nani

Mwenye kompyuta ya gigabaiti 4 za kumbukumbu anayefungua na kivinjari pembeni, VS Code itamchosha. Nampa Notepad++, namwekea Consolas 12 kwa njia ya Global override siku hiyohiyo, na namwambia achague mandhari kwanza ndipo aje kwenye fonti. Mwenye gigabaiti 8 au zaidi nampa VS Code, Consolas 16, na sehemu ya amri 16 pia. Sublime nampa anayetaka wepesi na haogopi kuandika mistari miwili kwa mkono. Kwa utaratibu wa mipangilio peke yake, ningeipa nafasi ya kwanza.

Ukishaweka ya kwako, ijaribu hivi kabla ya kuiamini. Andika mstari huu kwenye kihariri:

`O0o Il1| ng'onda ng’onda {} () ; : . ,`

Kisha kaa umbali unaokaa siku zote, si karibu zaidi, na usubiri ile saa ambayo mwanga wa chumbani kwako ni mbaya kuliko zote. Kwetu ni saa kumi na moja. Soma alama moja moja kwa sauti bila kuisogelea skrini. Ukikwama popote, ongeza ukubwa kwa mbili usome tena. Ukikwama palepale, badili fonti.